Kudhibiti Bomba au Kuufuata Uchafu? Vibali, Viwango na Majitaka ya Miji katika Bonde la Ziwa Viktoria

Ikisiri

Sheria za majitaka katika nchi za Afrika Mashariki zimejengwa juu ya kibali cha utiririshaji: anayemwaga maji machafu katika mto, ziwa au ardhi hupewa ruhusa yenye masharti, na maji yake hupimwa mwishoni mwa bomba. Makala hii inaeleza jinsi mfumo huo unavyofanya kazi, kwa kutumia mfano wa Kampala na Ghuba ya Ndani ya Murchison. Hoja kuu ni kwamba kibali kinadhibiti vizuri kile kinachopita katika bomba linalojulikana, lakini hakihesabu jumla ya uchafu unaolifikia ziwa, wala hakiwagusi wakazi wengi wanaotumia vyoo vya shimo na makaro. Makala inapendekeza kwamba udhibiti uanzie kwenye uwezo wa maji yanayopokea, uufuate uchafu katika njia zake zote, na ufungamanishwe na maamuzi ya bei na uwekezaji.

Maneno muhimu: majitaka, kibali cha utiririshaji, mzigo wa uchafuzi, tope kinyesi, Ziwa Viktoria

1.0 Utangulizi

Mfereji wa Nakivubo unakatiza jiji la Kampala, ukipita kando ya masoko, eneo la viwanda na makazi ya watu wa kipato cha chini. Kisha huingia katika ardhioevu ya Nakivubo na kuishia katika Ghuba ya Ndani ya Murchison, upande wa kaskazini wa Ziwa Viktoria. Maji yanayotoka katika mtambo wa kusafisha majitaka wa Bugolobi nayo hupita njia hiyo. Kilomita chache kutoka mahali mfereji unapomwaga maji yake, kwenye ukingo wa ghuba hiyohiyo, ipo mitambo ya Gaba, ambayo kwa miongo mingi imelipatia jiji sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa.

Jiji linalotoa majitaka yake katika ghuba na kuchota humo maji ya kunywa halina umbali wa kulificha tatizo. Uchafu usiodhibitiwa upande mmoja hurudi upande wa pili ukiwa gharama ya dawa za kusafishia maji, mwani unaoziba vichujio, na hatimaye haja ya kutafuta chanzo kingine. Kujengwa kwa mitambo ya maji ya Katosi, wilayani Mukono, mbali na ghuba hiyo, kulitokana kwa sehemu na kushuka kwa ubora wa maji ya Murchison.

Uganda haikukosa sheria katika kipindi chote ambacho hali hiyo ilikuwa ikijitokeza. Swali linaloshughulikiwa hapa, basi, ni hili: sheria hizo zinadhibiti nini hasa, na ni nini kinachobaki nje yake? Jibu lake lina maana kwa kila mji unaopakana na ziwa hili au ulio juu ya mito inayoliingia.

2.0 Ngazi tatu za udhibiti

Udhibiti wa majitaka ya mji una ngazi tatu, na mijadala mingi ya sera huzichanganya.

Ngazi ya kwanza ni mlango wa mfumo. Kiwanda, hospitali, gereji au machinjio yanayotaka kuunganishwa na mabomba ya majitaka ya mji huhitaji idhini ya mwenye mfumo. Sababu ni ya kitaalamu: mtambo wa kusafisha majitaka hutegemea bakteria wanaokula uchafu, na metali nzito, mafuta au asidi huweza kuwaua. Sumu ya kiwanda kimoja yaweza kuufanya mtambo wa jiji zima ushindwe kazi kwa siku kadhaa. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 zilionyesha tofauti ya ngazi hii na inayofuata. Ziliruhusu hitaji la oksijeni la kibiolojia lifike miligramu 500 kwa lita kwa maji yanayoingia katika bomba la umma, lakini miligramu 30 tu kwa yanayomwagwa katika mazingira. Hitaji hilo ni kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia kuuvunjavunja uchafu wa kikaboni kwa siku tano. Kadiri linavyokuwa kubwa, ndivyo maji yalivyo machafu na ndivyo samaki wanavyokosa hewa. Tofauti kati ya 500 na 30 ni kazi iliyoachiwa mtambo, na sheria inachukulia kwamba mtambo upo na unafanya kazi.

Ngazi ya pili ni mdomo wa bomba, yaani mahali maji yanapoacha mfumo na kuingia katika mazingira. Hapa ndipo kibali cha utiririshaji kinapotawala. Nchini Uganda, Sheria ya Maji na Kanuni za Utiririshaji wa Majitaka za mwaka 1998 zinamtaka anayemwaga maji machafu awe na kibali kutoka kwa wasimamizi wa rasilimali za maji. Viwango vya ubora hutolewa chini ya sheria ya mazingira, ambayo sasa ni ile ya mwaka 2019, na husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, lililoanzishwa mwaka 1972, ndilo mwenye mtambo na ndilo mwenye kibali.

Ngazi ya tatu ni maji yanayopokea: mto, ghuba au ziwa. Swali lake ni la jumla zaidi. Baada ya kila mwenye kibali kutimiza masharti yake, je, maji yenyewe bado yanafaa kunywewa, kuvuliwa samaki na kuogelewa? Ngazi hii hutajwa katika malengo ya sheria karibu zote. Ni nadra kuikuta ikiamua kiasi kilichoandikwa ndani ya kibali.

3.0 Kipimo cha lita na mzigo wa siku

Viwango vya utiririshaji katika nchi za ziwa hutajwa kwa miligramu katika lita moja. Kanuni za Uganda za mwaka 1999, ambazo nafasi yake ilichukuliwa na kanuni za mwaka 2020, ziliweka kikomo cha miligramu 50 kwa hitaji la oksijeni la kibiolojia, 100 kwa chembechembe zinazoelea, 10 kwa jumla ya nitrojeni na 10 kwa jumla ya fosforasi. Kipimo cha namna hii kina faida za wazi. Mkaguzi huchukua chupa ya maji, huipeleka maabara na hupata jibu la ndiyo au hapana. Mahakama hulielewa jibu hilo, na mwenye mtambo pia hulielewa.

Ziwa, hata hivyo, halipokei maji kwa lita moja moja. Mtambo mpya wa Bugolobi umejengwa kwa uwezo wa kusafisha meta za ujazo 45,000 kwa siku. Kwa kuwa miligramu moja kwa lita ni sawa na gramu moja kwa meta ya ujazo, mtambo wa ukubwa huo ungeweza kufanya kazi kwa uwezo wake wote, kutii kikomo cha miligramu 10 za fosforasi kila siku, na bado kupeleka kilo 450 za fosforasi katika ghuba kila siku. Mtambo wa pili wa ukubwa uleule ukiongezwa na kutii kikomo hichohicho, mzigo unakuwa kilo 900. Katika hali zote mbili ripoti ya ukaguzi itasomeka kwamba masharti yametimizwa.

Hesabu hiyo inaonyesha kiasi ambacho sheria ingekiruhusu. Haielezi kiasi ambacho mtambo unakimwaga. Hata hivyo inaleta jambo la pili. Majitaka ya kawaida ya nyumbani, kabla ya kusafishwa, mara nyingi huwa na fosforasi isiyopita sana miligramu 10 kwa lita. Kikomo cha 10, kwa hiyo, karibu hakidai chochote kuhusu kirutubishi hicho. Mtambo unaweza kuondoa harufu, tope na sehemu kubwa ya uchafu wa kikaboni, ukatoa maji yanayoonekana safi machoni, huku chakula cha mwani na cha magugu maji kikipita bila kuguswa.

Kwa Ziwa Viktoria jambo hili lina uzito wa pekee kutokana na umbile la ziwa lenyewe. Sehemu kubwa ya maji yake huingia kama mvua na sehemu kubwa huondoka kama mvuke; Mto Nile, unaotokea Jinja, ndio njia pekee ya maji kutoka kwa mkondo. Mvuke hauchukui fosforasi. Kirutubishi kinachoingia hukaa, huzama katika matope ya chini na huweza kurudi juu baadaye. Ghuba iliyofungika kama ile ya Murchison hupata athari hiyo mapema na kwa ukali kuliko maji ya katikati ya ziwa.

Mifumo ya sheria ya kwingineko imelijibu tatizo hili kwa njia mbili. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 1991 kuhusu majitaka ya miji, ulitenganisha maji yanayoathirika haraka na virutubishi na maji mengine. Katika maeneo hayo, mtambo unaohudumia mzigo wa watu zaidi ya 100,000 ulitakiwa kushusha fosforasi hadi miligramu 1 kwa lita au kuondoa asilimia 80 ya kirutubishi hicho. Kwa kikomo cha miligramu 1, mtambo wa meta za ujazo 45,000 ungeruhusiwa kilo 45 kwa siku badala ya 450. Marekani, kupitia Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972, iliweka kwanza kiwango cha chini cha teknolojia kwa mitambo yote ya miji. Kisha iliagiza kwamba pale maji yanapobaki machafu licha ya kiwango hicho, jumla ya mzigo ambao maji yanaweza kuubeba kwa siku ihesabiwe na igawanywe kwa wanaomwaga. Njia hizo mbili zinatofautiana kwa gharama na kwa urahisi wa kuzisimamia, lakini zote huanza na hali ya maji yanayopokea, kisha hurudi nyuma hadi kwenye kibali.

4.0 Wakazi walio nje ya bomba

Kasoro ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Kwa miaka mingi mtandao wa mabomba ya majitaka wa Kampala umewafikia chini ya asilimia 10 ya wakazi. Waliobaki hutumia vyoo vya shimo na makaro. Kwa hao, sheria ya mdomo wa bomba haina mdomo wa kuupima.

Hali katika makazi ya mabondeni, kama Bwaise na Namuwongo, inaeleza kwa nini jambo hili si la pembeni. Maji ya ardhini yako karibu na uso wa ardhi, hivyo shimo haliwezi kuchimbwa kwa kina na hujaa upesi. Njia za kupita ni nyembamba na gari la kunyonya tope haliwezi kufika. Gharama ya kumwita mnyonyaji hulipwa kwa mkupuo, ilhali kipato cha kaya huja kidogo kidogo. Mvua kubwa inaponyesha, lililo shimoni hufunguliwa au hufurika lenyewe na kuingia katika mitaro ya maji ya mvua. Mitaro hiyo haina kibali, haina mtambo na haina kipimo. Bwaise huelekeza maji yake katika ardhioevu ya Lubigi, kaskazini. Namuwongo imepakana na mfereji wa Nakivubo, unaoelekea ziwani.

Kwa muda mrefu ardhioevu ya Nakivubo ilifanya kwa kimya kazi ambayo sheria haikumpa mtu yeyote. Mafunjo yake yalipunguza kasi ya maji, yakanasa tope na kufyonza sehemu ya virutubishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 chini ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira uliithaminisha kazi hiyo kwa fedha, ili kuonyesha kwamba kuigeuza ardhioevu kuwa viwanja ni kuuhamishia gharama mfumo wa maji wa jiji. Kilimo cha magimbi na ujenzi vimeendelea kuimega. Kila sehemu inayopotea hupunguza usafishaji uliokuwa ukifanyika bure, na hakuna kibali kinachoandikwa upya kwa sababu hiyo.

Hatua za kulishughulikia tope lenyewe zimeanza. Mtambo wa Lubigi, ulioanza kazi mwaka 2014, ulijengwa kupokea majitaka ya bomba pamoja na takriban meta za ujazo 400 za tope kinyesi kwa siku linaloletwa na magari. Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010, nayo imewaingiza wanyonyaji binafsi katika utaratibu wa leseni na kufuatilia safari za magari yao. Vikundi vinavyotumia pampu za mkono vimetambuliwa kuwa sehemu ya huduma, kwa kuwa ndivyo vinavyoweza kupita katika vichochoro. Umuhimu wa hatua hizo kisheria ni kwamba zinahamisha jicho la mdhibiti kutoka mahali hadi kwenye safari. Kinachofuatiliwa ni kama tope lililotoka shimoni limefika mtamboni.

5.0 Mdhibiti mbele ya shirika la umma

Kiwanda kinachokiuka kibali huweza kufungwa. Mtambo wa majitaka wa jiji hauwezi, kwa kuwa majitaka yataendelea kuja kesho asubuhi, yakiwa machafu zaidi. Faini nayo huleta utata: fedha inayolipwa na shirika la umma hutoka kwa wateja walewale wanaodhurika na uchafuzi, na hupunguza fungu ambalo lingekarabati mtambo. Ndiyo maana katika nchi nyingi mashirika ya maji huonekana kama wakosaji wasioadhibika. Mara nyingi hali hiyo hulaumiwa kwa udhaifu wa utashi wa kisiasa, lakini chanzo chake kimo pia katika aina ya adhabu iliyochaguliwa.

Mgawanyo wa taasisi huongeza ugumu. Tanzania ina chombo cha usimamizi wa mazingira kwa upande wa uchafuzi, na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, kwa upande wa bei na huduma. Nchini Kenya, mamlaka ya mazingira na bodi ya udhibiti wa huduma za maji ni vyombo viwili. Nchini Uganda, serikali huingia mkataba wa utendaji na shirika la maji, wakati vibali na viwango vinasimamiwa kwingine. Katika mipango yote hii, chombo kimoja huweza kudai maji yasafishwe zaidi, na kingine kikaidhinisha bei isiyo na senti ya kugharamia usafishaji huo. Shirika hubaki katikati likiwa na amri mbili zisizopatana, na kwa kawaida hutii ile ya bei, kwa sababu ndiyo inayogusa mishahara na umeme wa kila mwezi.

Chombo kinachofaa zaidi katika mazingira hayo ni ratiba ya utekelezaji iliyoandikwa ndani ya kibali chenyewe: mwaka gani kichujio gani kitajengwa, kwa fedha ipi, na kiwango gani kitatumika hadi hapo. Ratiba hiyo ikiidhinishwa na mdhibiti wa mazingira na mdhibiti wa bei kwa pamoja, kuchelewa kwake kunakuwa jambo la kuulizwa bungeni na katika ukaguzi wa hesabu, na lenye mhusika anayejulikana. Kuchapishwa kwa matokeo ya vipimo kila mwezi kunaongeza nguvu ya ratiba hiyo kwa gharama ndogo.

6.0 Ziwa moja, viwango vitatu

Tanzania inamiliki takriban nusu ya eneo la ziwa, Uganda zaidi ya asilimia 40, na Kenya asilimia 6. Kwa hitaji la oksijeni la kibiolojia, kanuni za Kenya za mwaka 2006 na za Tanzania za mwaka 2007 ziliweka miligramu 30. Kanuni za Uganda za 1999 ziliweka 50. Kwa chembechembe zinazoelea, Kenya iliweka 30, ilhali Tanzania na Uganda ziliweka 100. Maji yaleyale yaliyokubalika Entebbe yangeweza kuwa kosa Kisumu.

Bonde nalo ni pana kuliko nchi tatu. Maji ya Kigali, jiji lililokaa muda mrefu bila mfumo mkuu wa mabomba ya majitaka, hushuka katika Mto Nyabarongo, huungana na Akagera na kuishia ziwani. Sehemu ya Burundi humwaga maji kwa njia hiyo pia. Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Viktoria, iliyotiwa saini mwezi Novemba 2003, ilizifunga nchi washirika kwa kanuni ya mchafuzi kulipa na kwa wajibu wa kuzuia uchafuzi. Kamisheni ya Bonde, yenye makao yake Kisumu, ndiyo inayoisimamia.

Mjadala wa kuoanisha viwango umeelekea kutafuta tarakimu moja itakayokubaliwa na wote. Hatua hiyo ina manufaa, hasa kwa kuzuia viwanda kukimbilia palipo na masharti mepesi. Hata hivyo, hoja ya sehemu ya tatu inahusu hapa pia: miji yote ikitii miligramu 30, mzigo unaoingia ziwani utaendelea kukua kadiri miji inavyokua. Jambo ambalo nchi hizi zinaweza kulifanya kwa pamoja, na ambalo hakuna hata moja inayoweza kulifanya peke yake, ni kukubaliana kuhusu mzigo wa fosforasi na nitrojeni ambao ziwa, na ghuba zake zilizo hatarini, linaweza kuubeba, kisha kuugawa.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Kibali cha utiririshaji kinabaki kuwa nguzo ya lazima. Bila hicho hakuna rekodi, hakuna kipimo na hakuna wa kuwajibishwa. Udhaifu wake unatokana na kutegemewa kwa kazi ambayo hakikuundiwa. Mambo manne yanafuata kwa washauri wa sera.

Kwanza, vibali vya mitambo ya miji vitaje mzigo kwa siku sambamba na kiwango kwa lita, kuanzia na mitambo inayomwaga katika ghuba zinazotumika kwa maji ya kunywa. Vipimo vya wingi wa maji vinavyohitajika kwa hesabu hiyo tayari ni sehemu ya uendeshaji wa kawaida wa mtambo.

Pili, vikomo vya fosforasi vipangwe kulingana na maji yanayopokea. Kikomo kimoja cha taifa kinachofaa mto unaokimbia hakitoshi kwa ghuba iliyofungika.

Tatu, tope kinyesi liingizwe katika sheria ya majitaka kama mkondo unaodhibitiwa, kuanzia shimo, kupitia gari, hadi mtambo. Ruzuku ya unyonyaji kwa kaya za mabondeni ihesabiwe kuwa gharama ya kulinda maji, kwa kuwa shilingi inayozuia shimo kumwagwa mtaroni hupunguza uchafu ambao mtambo wa pembeni mwa ziwa hautauona kamwe.

Nne, ardhioevu zinazosafisha maji ya miji ziandikwe katika mahesabu ya vibali. Sehemu inapoidhinishwa kujengwa, uwezo uliopotea uongezwe katika masharti ya mtambo na katika bajeti ya serikali iliyoidhinisha ujenzi huo.

Mapendekezo haya yanadai fedha, na miji ya bonde hili ina mahitaji mengi yanayoshindana. Kampala imekwisha kulipa sehemu ya gharama ya njia nyingine: dawa zaidi Gaba, na mitambo mipya Katosi. Miji midogo inayokua kandokando ya ziwa bado ina nafasi ya kuamua mapema mahali pa kumwaga na mahali pa kuchota.